Kutengeneza alama za kijenetiki za tasi: mwongozo kamili, kuanzia dikoni hadi jedwali la mwisho

Maswali ya wanafunzi wanaochunguza vinasaba vya samaki wa pwani yanafanana mno. Praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili) zilishaagizwa, PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) imetoa mistari mizuri kwenye jeli, na bado matokeo hayaeleweki: heterozaigoti (samaki wenye aina mbili tofauti za alama) ni pungufu kila mahali, na samaki wa diko moja wanaonekana kama wametoka bahari mbili. Anayeuliza huwa anataka programu nyingine ya uchambuzi. Mara nyingi programu haina kosa. Tatizo lilianzia kwenye kapu la mvuvi, au kwenye alama ambayo ilitakiwa kutupwa ikaonewa huruma.

Hapa tunafuata samaki mmoja tu, tasi (Siganus sutor), ambaye Wakenya wengi humwita tafi. Anaishi upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, ananaswa sana kwa madema kwenye majani ya bahari na miamba, na kujua kama tasi wa Mtwara na wa Lamu ni kundi moja kunamhusu kila anayepanga kufunga eneo la uvuvi. Mwenye changu, vibua au nguru atafuata hatua hizi hizi.

Alama tutakazotengeneza ni maikrosatelaiti: sehemu za DNA ambapo herufi chache, mfano GATA, hujirudia mara nyingi mfululizo, na idadi ya marudio hutofautiana kati ya samaki na samaki. Tofauti hiyo ya urefu ndiyo aleli. Ukiwa na bajeti ya kusoma maelfu ya SNP (tofauti za herufi moja moja za DNA), nenda huko, hasa kama unatafuta dalili za uteuzi wa asili. Lakini kwa maabara yenye mashine ya PCR, kazi ya kutuma sahani za sampuli kidogo kidogo kadiri fedha inavyopatikana, na swali lililo wazi, maikrosatelaiti 12 hadi 15 zilizochujwa vizuri bado zinafanya kazi.

## Vifaa vya kuandaa

Vya dikoni:

- vichupa vya mililita 2 vyenye kifuniko cha kusokota, vikiwa vimejazwa ethanoli ya asilimia 95 au zaidi kabla ya kutoka nyumbani
- mkasi na koleo ndogo, angalau seti mbili
- jiki iliyochanganywa na maji, maji safi, na karatasi za kufutia
- penseli na vipande vya karatasi ngumu
- ubao wa kupimia urefu, simu ya kupiga picha, daftari
- glavu nene na chupa ya chai yenye maji ya moto (sababu inakuja)

Vya maabara:

- proteinezi K, SDS, chumvi ya NaCl ya 6 M, isopropanoli, bafa ya Tris na EDTA
- agarosi, rangi ya kuonyesha DNA, ngazi ya vipimo
- mashine ya PCR yenye uwezo wa kupanga joto tofauti kwa kila safu
- praima, kimeng'enya cha PCR, MgCl2
- huduma ya kusoma mfuatano wa DNA na huduma ya kupima urefu wa vipande

Vya kompyuta: MISA au QDD kwa kutafuta marudio, Primer3, programu ya kusoma vilele (michoro inayoonyesha urefu wa vipande vya DNA), Micro-Checker, GENEPOP, na R. Karibu zote ni za bure.

## Hatua ya 1: Vibali, kisha ramani

Anza na vibali kwa sababu ndivyo vinavyochelewesha kuliko chochote. Tanzania Bara utapita COSTECH, Kenya utapita NACOSTI (tume za sayansi za nchi hizo), na Zanzibar ina utaratibu wake. Kama sampuli au DNA itavuka mpaka, hata kama ni kutoka Tanga kwenda Nairobi, andaa mkataba wa kuhamisha sampuli unaosema nani anamiliki nini. Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa ya kugawana faida za rasilimali za kijenetiki, inayotumika tangu 2014, imefanya majarida mengi yaulize karatasi hizo kabla ya kuchapisha. Ukizitafuta baada ya kazi kuisha, umechelewa.

Ramani ya madiko ichorwe kwa kufuata mikondo. Mkondo wa Ikweta wa Kusini ukifika pwani karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji hugawanyika, na tawi la kaskazini ndilo Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki, unaopanda kuelekea Kenya mwaka mzima. Wakati wa kusi unakwenda kasi. Wakati wa kaskazi hukutana na Mkondo wa Somalia unaoshuka, na maji hugeukia baharini upande wa kaskazini mwa Kenya. Mabuu ya tasi huelea kabla ya kutua kwenye majani, kwa hiyo kama kuna mpaka wa kijenetiki, huko Lamu ni mahali pa kuutafuta.

Mpango wenye maana ungekuwa Mtwara, Kilwa, Unguja, Pemba, Tanga, Msambweni na Lamu, samaki 40 hadi 50 kila diko. Angalau diko moja lisampuliwe mara mbili, kusi na kaskazi. Bila hilo huwezi kujua kama tofauti uliyoiona ni ya mahali au ni ya wakati.

Utajua umefaulu ukiweza kueleza, kwa kila diko ulilochagua, litajibu swali gani. Diko lililochaguliwa kwa sababu barabara ni nzuri litakula fedha bila kujibu kitu.

## Hatua ya 2: Kuchukua sampuli

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, kwa hiyo twende polepole.

Fika kabla ya mnada. Mnada ukianza, samaki hupelekwa kwa wachuuzi na akina mama wa kukaanga, na hakuna atakayekusubiri. Jitambulishe kwa bwana diko au kwa viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi wa ufuo), kisha mweleze nahodha waziwazi: "Shikamoo mzee. Naomba kipande cha pezi tu, samaki nakuachia." Sentensi hiyo inafungua milango, kwa kuwa mchuuzi hamtaki tasi aliyekatwa mnofu, lakini pezi la mkia lililopungua kidogo halishushi bei.

Kata kipande cha pezi cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Kikubwa zaidi ya hapo hakikusaidii: ethanoli inatakiwa iwe nyingi kuliko tishu, angalau mara tano kwa ujazo, la sivyo maji yaliyomo kwenye tishu huizimua na DNA huanza kukatika. Ukirudi, badilisha ethanoli baada ya siku moja.

Andika namba kwa penseli kwenye karatasi na uitumbukize ndani ya kichupa. Wino wa kalamu nyingi, hata zile zinazodaiwa kuwa hazifutiki, huyeyuka tone moja la ethanoli likivuja kwenye kifuniko. Penseli haijali. Namba ya juu ya kifuniko iwe ya kukusaidia kupanga tu.

Kati ya samaki na samaki, chovya mkasi kwenye jiki, suuza kwa maji, futa. Wengine huunguza mkasi kwa moto. Usifanye hivyo kando ya vichupa vya ethanoli vilivyo wazi.

Tasi ana miiba yenye sumu: 13 mgongoni, 7 chini karibu na mkia, na 2 kwenye kila pezi la tumbo. Hata akiwa amekufa huchoma. Vaa glavu, mshike kuanzia kichwani ukilaza miiba nyuma. Ukichomwa, zamisha mkono kwenye maji ya moto kadiri unavyovumilia bila kuungua, kwa kuwa sumu hii hupungua makali kwa joto. Ndiyo kazi ya ile chupa ya chai. Uvimbe ukipanda au pumzi ikibana, nenda hospitali.

Usichukue samaki wote 40 kutoka boti moja siku moja. Dema moja linaweza kubeba kikundi kilichotembea pamoja, na sampuli yako itakuwa ya kikundi hicho badala ya tasi wa eneo zima. Muulize pia mvuvi ametega wapi. Boti inayotua Tanga inaweza kuwa imevua mbali, na diko ulilosimama si lazima liwe nyumbani kwa samaki huyo. Andika mahali pa kutega kwa jina analotumia mvuvi mwenyewe, kisha tafuta kwenye ramani baadaye.

Vitu vya kukataa moja kwa moja: samaki wa kukaanga, samaki aliyehifadhiwa kwa formalini, na samaki aliyeshinda juani hadi macho yamezama. Ng'onda ni mradi mwingine.

Kama utasafirisha kwa ndege, kumbuka ethanoli huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari. Mbadala mzuri ni mchanganyiko wa DMSO ya asilimia 20, EDTA ya 0.25 M na chumvi iliyokolea hadi haiyeyuki tena. Haushiki moto na hauhitaji friji.

## Hatua ya 3: Hakikisha ni tasi kweli

Watu huruka hatua hii kwa kuwa "mvuvi anamjua tasi." Anamjua kweli, ila kwake na kwa mnunuzi, tasi ni tasi. Ndani ya kapu moja utakuta S. sutor, S. luridus na S. argenteus, na samaki akishakufa rangi na madoa hubadilika. Mkia husaidia: wa S. argenteus umegawanyika sana, wa S. luridus umekaribia kunyooka, na wa S. sutor uko katikati. Kwa samaki wadogo, hata mkia hauaminiki.

Piga picha ya ubavu wa kila samaki, namba yake ikionekana. Kisha maabara soma jeni ya COI, inayotumika kutambua spishi, kwa praima FishF1 na FishR1, ambazo hutoa kipande cha herufi 655 hivi, na linganisha na hazina za mifuatano ya DNA za BOLD na GenBank. Bajeti ikibana, soma samaki kumi wa kila diko pamoja na kila samaki ambaye picha yake ina shaka.

Kwa nini ujitese hivi? Samaki watano wa spishi nyingine ndani ya hamsini wanatosha kuzalisha "makundi mawili" mazuri kabisa kwenye mchoro, na mwanafunzi akaandika sura nzima kuhusu mpaka ambao haupo.

## Hatua ya 4: Kutoa DNA

Kiti za kununua ni rahisi kutumia lakini ghali. Njia ya chumvi inatosha:

Weka kipande cha pezi kilichokaushwa ethanoli kwenye mikrolita 400 za bafa (Tris 10 mM, EDTA 2 mM, NaCl 0.4 M, pH 8). Ongeza mikrolita 40 za SDS ya asilimia 20 na mikrolita 8 za proteinezi K ya miligramu 20 kwa mililita. Acha usiku kucha kwenye nyuzi 55 hadi 65. Asubuhi usione vipande. Ukiona, ongeza proteinezi na subiri.

Mimina mikrolita 300 za NaCl ya 6 M, tikisa kwa nguvu nusu dakika, zungusha kwenye sentrifuji nusu saa kwa 10,000 g. Protini huzama, DNA hubaki juu. Hamisha maji ya juu bila kugusa weupe wa chini, ongeza isopropanoli ya ujazo sawa, weka kwenye friza saa moja, zungusha tena dakika 20. Osha kwa ethanoli ya asilimia 70, kausha, yeyusha kwenye maji safi.

Onyo: usikimbilie kuongeza maji kabla ethanoli haijakauka. Ethanoli iliyobaki huzuia PCR, na utalaumu praima.

Pitisha kila sampuli kwenye jeli ya asilimia 1. Mstari mmoja mzito juu ni DNA nzima. Ukungu unaoshuka hadi chini ni DNA iliyokatika, na samaki huyo atakusumbua kwenye aleli ndefu. Uwiano wa 260/280 (kipimo cha usafi wa DNA kwa mwanga) karibu na 1.8 unapendeza, lakini jeli ndiyo inayosema ukweli kuhusu urefu.

## Hatua ya 5: Kusoma jenomu na kutafuta marudio

Kabla ya kulipa, angalia kama kuna alama zilizokwisha kuchapishwa kwa spishi nyingine za Siganus. Praima za jamaa hufanya kazi wakati mwingine, ila huja na aleli bubu (zisizonakiliwa kwa sababu praima haishiki) nyingi kuliko zilizotengenezwa kwa samaki wako. Zitumie kama nyongeza.

Chagua samaki watano hadi wanane wenye DNA bora kutoka madiko yaliyo mbali, na waliothibitishwa kwa COI. Wasomwe kwa Illumina (mashine ya kusoma DNA kwa wingi), kila mmoja akiwa na lebo yake. Watu wengi husoma samaki mmoja kupunguza gharama. Kwa samaki mmoja utaona marudio yako wapi, lakini hutajua yapi yanatofautiana. Ukiwa na wanane unaweza kuona tofauti kwenye kompyuta kabla ya kununua praima hata moja, na tofauti ya bei hurudi hapo.

Huhitaji kusoma jenomu nzima kwa kina. Usomaji wa juu juu hutoa maelfu ya maikrosatelaiti, na wewe unahitaji 48 za kuanza kujaribu.

Vigezo vya kuchuja:

- Marudio ya herufi nne kwanza, tatu baadaye, mbili mwisho. Ya herufi mbili hutofautiana sana, lakini vilele vyake huja na vivuli (vilele vidogo vya uongo) vinavyochosha macho.
- Marudio kati ya 8 na 15. Chini ya hapo huenda hayatofautiani. Juu sana, aleli ndefu huanza kupotea.
- Marudio safi, yasiyokatizwa na herufi ngeni katikati.
- Kingo (herufi zinazopakana na marudio) pande zote mbili zisionekane mahali pengine kwenye data. Kingo inayojirudia mara kumi ni kipande cha jeni rukaji (DNA inayojinakili sehemu nyingi za jenomu), na praima yake itashika kila mahali.

## Hatua ya 6: Kubuni praima

Primer3 ipe masharti: urefu herufi 18 hadi 24, joto la kushika (ambalo praima hung'ang'ania DNA) nyuzi 58 hadi 60, herufi G na C asilimia 40 hadi 60, bidhaa ya herufi 100 hadi 300. Tengeneza ukubwa tofauti kwa makusudi, baadhi karibu na 120, wengine 180, wengine 260, ili baadaye uchanganye alama kadhaa kwenye kichupa kimoja bila kugongana.

Linganisha samaki wako wanane kwenye eneo la praima. Kama hata mmoja ana herufi tofauti hapo, sogeza praima. Hii ndiyo kinga bora dhidi ya aleli bubu, na ni kazi ya dakika chache.

Usinunue praima zenye rangi ya mwanga kwa jozi zote 48. Ongeza mkia wa M13, TGTAAAACGACGGCCAGT, mwanzoni mwa praima ya mbele, kisha nunua praima moja ya M13 yenye rangi itakayotumika kwa zote. Kwenye praima ya nyuma ongeza GTTTCTT mwanzoni. Kimeng'enya cha PCR huwa kinaongeza herufi A mwishoni, mara kinaongeza mara kinaacha, na matokeo ni vilele viwili vyenye tofauti ya herufi moja. Mkia huo hukisukuma kiongeze kila mara.

## Hatua ya 7: Kujaribu PCR

Raundi ya kwanza: samaki wanane, jeli tu, bila rangi. Panga joto la kushika kutoka nyuzi 52 hadi 62. Unatafuta mstari mmoja safi wa urefu uliotarajiwa, kwa samaki wote wanane.

Kama samaki sita wametoa na wawili wamekataa, ilhali DNA yao inafanya kazi kwenye alama nyingine, usishushe joto ili "kuwasaidia." Weka alama hiyo pembeni. Wawili hao wanakuambia kwamba eneo la praima linatofautiana.

Raundi ya pili: alama zilizobaki, sasa kwa mkia wa M13. Praima ya mbele yenye mkia iwe robo ya kiasi cha nyingine mbili, ili iishe mapema na ile yenye rangi ichukue kazi. Mizunguko 30 kwa nyuzi 56, kisha 8 kwa nyuzi 53, sekunde 45 kwa kila hatua ya kushika na ya kurefusha, na umalizie kwa nyuzi 72 kwa muda mrefu. Nusu saa si nyingi.

Kila sahani iwe na kichupa cha maji pasipo DNA. Kikitoa mstari, sahani nzima inarudiwa, bila mjadala.

Ukianza na jozi 48 na kubaki na 20 hadi 25, mambo yako ni mazuri.

## Hatua ya 8: Kusoma aleli

Sasa wapimwe samaki wote wa diko moja kwanza, wasiwe wa madiko yote. Kundi hili ndilo la kuchujia alama zisizosomeka; zinazobaki ndizo utakazopimia madiko mengine.

Fungua mchoro wa samaki mmoja na uangalie kwa macho kabla ya kuiruhusu programu iamue. Kwa marudio ya herufi nne, samaki mwenye aleli 182 na 194 huonyesha vilele viwili virefu, kila kimoja kikitanguliwa na kivuli kidogo herufi nne nyuma, kwenye 178 na 190. Sasa mchukue mwenye 182 na 186. Kivuli cha 186 kinaangukia pale pale kwenye 182, na kilele cha kushoto kinakuwa kirefu kuliko cha kulia. Asiye makini atasema ni homozaigoti (mwenye aleli moja tu) wa 182 mwenye kelele, au wa 186 mwenye kivuli kikubwa. Hapo ndipo heterozaigoti wanapopotelea mikononi mwa msomaji.

Kanuni za kufuata: watu wawili wasome kila mmoja peke yake, wasiambiane. Hifadhi urefu ghafi wenye desimali, 182.37, kabla ya kuuzungusha, kisha panga urefu wote kwa mstari uone mapengo. Aleli za herufi nne zinatakiwa zijipange kwa hatua za nne hivi. Zikijitawanya bila hatua, alama hiyo ina matatizo.

Weka samaki wawili wa rejea kwenye kila sahani, wale wale mwanzo hadi mwisho. Mashine tofauti, au hata mashine ile ile baada ya matengenezo, inaweza kusogeza vipimo kwa herufi moja au mbili. Bila rejea, Mtwara uliyoipima Machi na Lamu uliyoipima Septemba zitatofautiana kwa sababu ya mashine.

Rudia asilimia 10 ya samaki tangu PCR, ukokotoe kiwango cha makosa, na ukitaje kwenye ripoti.

## Hatua ya 9: Kutupa

Ingiza data GENEPOP, pima uwiano wa Hardy-Weinberg (kama heterozaigoti ni wengi kama inavyotarajiwa samaki wakijamiiana bila kuchagua) kwa kila alama katika kila diko, na uhusiano kati ya kila jozi ya alama. Rekebisha kwa wingi wa majaribio. Kisha pitisha Micro-Checker, inayotafuta aleli bubu.

Ukikuta upungufu wa heterozaigoti, soma upungufu uko wapi kabla ya kuupa maana. Sura ya tatizo inataja chanzo chake:

- Alama moja au mbili, madiko yote: aleli bubu. Tupa alama, au tengeneza praima mpya mbali kidogo na za mwanzo.
- Alama zote, diko moja: umechanganya samaki. Rudi kwenye picha na COI. Kama spishi ni moja, huenda kweli makundi mawili yanatua hapo, na hilo ni jambo la kuvutia.
- Alama zote, madiko yote: DNA dhaifu au usomaji mbaya. Angalia kama aleli zinazopotea ni ndefu. Zikiwa ndefu, ni DNA.
- Alama zote, sahani moja: makosa ya siku hiyo. Rudia sahani.

Katika jozi ya alama zinazosafiri pamoja, baki na moja. Alama yenye aleli mbili tu haikuongezei kitu. Na alama inayotoa tofauti kubwa peke yake wakati nyingine zote zimetulia huenda iko karibu na jeni iliyo chini ya uteuzi. Chambua ukiwa nayo, kisha bila yake, na uonyeshe majibu yote mawili.

Najua inauma kutupa alama uliyoilipia. Lakini alama 12 safi zina nguvu kuliko 20 zenye tano mbovu, kwa kuwa hizo tano zote huvuta upande mmoja.

## Hatua ya 10: Kupima makundi

Hapa hatua ni fupi ukilinganisha na zilizopita, ila matarajio yanahitaji kurekebishwa. Samaki wa baharini wenye makundi makubwa na mabuu yanayoelea mara nyingi hutoa FST (kipimo cha tofauti ya kijenetiki kati ya makundi) ya chini ya 0.02. Usivunjike moyo ukiona 0.004. Kabla ya kusema "hakuna tofauti," endesha programu ya POWSIM kuuliza kama alama zako na idadi ya samaki wako zingeweza kuiona tofauti ya kiasi hicho. Kama uwezo ni mdogo, jibu lako ni kwamba hujui, na hivyo ndivyo uandike.

Jambo la pili: alama zinazotofautiana sana hubana FST. Kama heterozaigosi (sehemu ya samaki walio heterozaigoti) ndani ya madiko ni 0.90, FST haiwezi kuzidi takriban 0.10 hata kama madiko hayana aleli hata moja ya pamoja. Toa pia D ya Jost, kipimo cha tofauti kisichobanwa hivyo.

STRUCTURE, programu ya kugawa samaki kwenye makundi, hutatizika FST ikiwa ndogo kiasi hiki. Tumia ule mtindo wake unaozingatia mahali pa sampuli, na uweke DAPC (njia nyingine ya kuchora makundi, iliyo ndani ya kifurushi cha R kiitwacho adegenet) kando yake. DAPC nayo ina hatari yake: ukihifadhi vijenzi (mihtasari ya data inayoingizwa kwenye mchoro) vingi mno, itakuchorea makundi mazuri hata kwenye data ya kubahatisha. Tumia njia ya kuhakiki iliyomo ndani ya adegenet kuchagua idadi.

Linganisha kusi na kaskazi za diko lile lile kabla ya kulinganisha madiko. Kama tofauti ya misimu ni sawa na tofauti kati ya Mtwara na Lamu, huna mpaka wa kijiografia.

## Jedwali la kukabidhi

Kwa kila alama andika: jina, praima zote mbili bila mikia, aina ya marudio, joto la kushika, rangi, urefu mdogo na mkubwa, idadi ya aleli, heterozaigosi iliyoonekana na iliyotarajiwa kwa kila diko, kiwango cha aleli bubu, na namba ya GenBank. Taja pia alama ulizotupa na sababu, kwenye jedwali la nyongeza, ili mwenzako wa Msumbiji au Ushelisheli asizinunue tena.

Faili ghafi za vilele ziwekwe kwenye hazina ya wazi. DNA ya samaki wawili wa rejea igawanywe kwenye vichupa vidogo na ihifadhiwe kwenye friza ya taasisi, ikiwa na karatasi inayotaja aleli zao kwa kila alama. Maabara nyingine ikitaka kuunganisha data yake na yako, hicho ndicho kitu cha kwanza itakachokuomba.